Rashidi Kawawa: kutoka shuka la sinema hadi uwaziri mkuu

Wasikilizaji wetu wengi hapa Ifakara wanamjua Rashidi Mfaume Kawawa kwa jina la Simba wa Vita. Wanamkumbuka kama waziri mkuu, makamu wa rais, mtu aliyekuwa karibu na Mwalimu Nyerere karibu kila Mwalimu alipopigwa picha. Dar es Salaam kuna barabara yenye jina lake, inayopita Magomeni na Kinondoni, na makondakta wa daladala huitaja kutwa bila kujiuliza ni ya nani.

Kinachojulikana na wachache ni kwamba kabla ya siasa Kawawa alikuwa stelingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika filamu za Kiswahili, akiwa mhusika mkuu, na picha hizo zilitengenezwa ili wazione watu wa kawaida wa Tanganyika, wakiwemo wa vijijini ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la sinema.

Tunaandika habari hii kwa sababu siku hizi historia ya majumba ya sinema ya zamani inaandikwa sana. Tunasoma kuhusu Majestic ya Zanzibar, Avalon na Empire za Dar es Salaam, Plaza ya Moshi, Metropole ya Arusha. Ni habari nzuri, lakini ni habari za miji. Mtu wa Mang'ula, Mlimba au Malinyi akizisoma anaweza kudhani sinema ilimpita kabisa hadi kilipofika kibanda umiza. Haikumpita. Ilikuwa na njia yake nyingine, na Kawawa ndiye anayeturahisishia kuieleza.

Mtoto wa mwindaji

Kawawa alizaliwa 1926 katika kijiji cha Matepwende, wakati huo kikiwa Songea, leo wilaya ya Namtumbo mkoani Ruvuma. Baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, na kazi hiyo iliihamisha familia. Rashidi alianza shule Liwale. Ukichukua ramani utaona kwamba Liwale na bonde letu ni majirani wa namna yake: wao wako upande mmoja wa pori kubwa lililoitwa Selous, sisi upande mwingine. Sehemu kubwa ya pori hilo tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kutoka Liwale alikwenda kusoma Dar es Salaam, kisha Tabora, kwenye shule ya serikali ambayo Nyerere naye alipitia miaka kadhaa kabla yake. Baada ya Tabora baadhi ya vijana walikwenda Makerere. Kawawa aliingia kazini. Mwaka 1951 alikuwa karani wa hesabu katika idara ya kazi za serikali, ajira ya heshima kwa kijana Mwafrika wa wakati ule, yenye meza, kalamu na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Hakukaa sana kwenye hesabu. Alihamia idara ya ustawi wa jamii, iliyoshughulika na kisomo cha watu wazima, vilabu vya kijamii na sinema za kuzunguka. Hapo ndipo alipokutana na projekta.

Gari linapoingia kijijini

Kwa vijana ambao hawakulikuta, gari la sinema lilikuwa hivi. Lilikuwa lori au Land Rover iliyobeba jenereta, projekta ya mikanda ya milimita 16, kipaza sauti na shuka jeupe. Lilifika mchana likapita mitaani likitangaza. Jioni shuka lilifungwa kwenye nguzo mbili uwanjani, jenereta ikawashwa mbali kidogo ili isimeze sauti, na watu wakaketi chini. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka, wakaiona picha ile ile ikiwa imegeuzwa, kushoto kuwa kulia. Kando ya projekta alikuwepo mtu wa kueleza. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza au hazikuwa na sauti kabisa, kwa hiyo yeye ndiye aliyezipa Kiswahili. Wale wanaotafsiri picha za Kichina na Kihindi kwenye vibanda vyetu leo ni wajukuu wake, ingawa hatudhani wanajua.

Wazo hilo la gari halikuanza na Kawawa. Kati ya 1935 na 1937 ulikuwepo mradi wa majaribio wa filamu za elimu wenye makao yake Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ukiendeshwa na Meja Notcutt na wenzake. Walipiga filamu kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba, wakaigiza Waafrika, kisha wakazungusha picha hizo Afrika Mashariki kwa lori. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo maalumu cha filamu za makoloni. Aliyekuwa na sauti kubwa humo, William Sellers, aliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo filamu zake ziende polepole, kamera isirukeruke, pasiwe na ujanja wowote wa kupunguza muda au kubadilisha mahali ghafla.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu miaka hiyo hiyo, kwenye majumba ya sinema ya Zanzibar na Dar es Salaam, Waafrika walikuwa wanakata tiketi na kuangalia picha za Marekani na za Kihindi zenye kila ujanja wa kamera uliowahi kubuniwa. Walizifuata vizuri. Waliimba nyimbo za Kihindi bila kujua lugha. Zanzibar ilikuwa na jumba kubwa la Royal tangu miaka ya 1920, lililosimamishwa na mfanyabiashara Hassanali Adamali Jariwalla kwa mchoro wa John Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu majengo kwa pamoja. Nadharia ya Sellers ingekufa jioni moja tu kama angeketi kwenye viti vya bei ya chini akawasikiliza watazamaji. Lakini mtu wa kijijini, ambaye hakuwa na jumba wala tiketi, aliletewa kile ambacho wengine waliamua kuwa anakiweza.

Muhogomchungu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu njia tofauti. Badala ya kuhubiri kuhusu mbolea na choo peke yake, ilitaka picha za hadithi, za Kiswahili, zenye kuchekesha, zikiigizwa na watu wa hapa hapa. Kazi ikapewa kampuni ya Johannesburg, African Film Productions. Mwongozaji alikuwa Donald Swanson, Mwingereza ambaye mwaka 1949 alikuwa ametengeneza African Jim, filamu ya kijana wa shamba anayefika Johannesburg na kukumbana na mji.

Dar es Salaam akatengeneza kitu cha ukoo huo huo. Filamu iliitwa Muhogomchungu, ya mwaka 1952. Ni habari ya mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na vituko vya mjini. Aliyeigiza kama mtu huyo wa shamba ni Rashidi Kawawa.

Tufikirie jambo hili vizuri. Huyu alikuwa kijana wa Tabora, karani, msomi kwa vipimo vya wakati ule, anayeongea Kiingereza ofisini. Akaambiwa awe mshamba. Filamu ilikuwa mali ya serikali ya kikoloni, na funzo lake lilikuwa la kikoloni pia: mji ni hatari, Mwafrika bora akae kwao alime. Utawala uliogopa vijana waliokuwa wakimiminika Dar es Salaam, na kicheko kilikuwa njia mojawapo ya kuwarudisha.

Hata hivyo, watazamaji huwa hawali kila wanachopakuliwa. Kwa mara ya kwanza walimwona mtu kama wao akiwa katikati ya picha, akizungumza Kiswahili, akitembea katika mitaa wanayoijua. Kwenye picha za Marekani Mwafrika alikuwa mpagazi au mtumishi, na kwenye za Kihindi hakuwepo. Sisi tunadhani hilo peke yake lilikuwa na uzito kuliko funzo lililobandikwa mwishoni.

Kawawa aliigiza katika zaidi ya filamu moja ya mpango huo, na sura yake ikaanza kufahamika. Angeweza kuendelea. Lakini mpango ulikuwa wa muda, fedha zilikuwa za serikali, na hapakuwa na mtu wa kuziuza picha hizo kwenye majumba ambako watu walilipa kuona nyota wa Bombay na Hollywood.

Anatoka kwenye shuka

Mwaka 1953 alipelekwa kazini Urambo, kwenye kambi ya Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa hali ya hatari kutokana na Mau Mau. Mwaka huo huo serikali ilikataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Kawawa alikuwa tayari mtu wa chama cha watumishi wa serikali Waafrika, TAGSA, na baadaye akawa rais wake. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lilipoundwa 1955, yeye akawa katibu mkuu wa kwanza. Akaacha kazi ya serikali, akaingia TANU waziwazi.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria, akawa waziri 1960. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akajenge chama, aliyeachiwa kiti ni Kawawa. Alikuwa na miaka 35. Kati ya Muhogomchungu na uwaziri mkuu ilipita miaka kumi.

Je, sinema ndiyo iliyomfikisha huko? Hatutasema hivyo. Kilichompandisha ni vyama vya wafanyakazi, uwezo wake wa kupanga mambo na uaminifu wake kwa Nyerere, ambao wengine waliuita kupita kiasi. Ila tunaona jambo moja: alikuwa amezunguka, amewaona watu wakisikiliza, amejua ni wapi wanacheka na ni wapi wanachoka. Viongozi wengi wa kizazi chake walijifunza kusema mbele ya watu wakiwa darasani au kanisani.

Juni 1964, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliongoza ujumbe kwenda China. Ulikuwa mwanzo wa ushirikiano ambao miaka michache baadaye ulileta reli ya TAZARA katikati ya bonde letu, na kambi kubwa ya ujenzi Mang'ula. Kabla ya reli hiyo, gari lolote, liwe la sinema au la dawa, lilikuwa na kazi kufika huku wakati wa masika, na kuvuka mto kwenda Lupiro na Mahenge kulitegemea kivuko.

Majumba yanabadilisha mikono

Sasa turudi kwenye majumba, kwa sababu maisha ya Kawawa yanakutana nayo tena, safari hii akiwa upande wa serikali.

Miaka ya 1950 na 1960 ndiyo ilikuwa enzi yake. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox na Amana ya Ilala. Mwaka 1966 ikafunguliwa Drive-In, watu wanaangalia wakiwa ndani ya magari. Mwanza kulikuwa na Liberty na Tivoli. Zanzibar jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, liliteketea kwa moto, na mwaka 1955 likafunguliwa jipya pale pale Vuga. Awara ya Raj Kapoor ilijaza kumbi hizo, ikarudishwa, ikajaza tena. Jumapili ilikuwa siku ya familia za Kihindi, na walanguzi wa tiketi walikula vizuri.

Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Majengo mengi makubwa ya mijini, yakiwemo ya sinema, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Uingizaji na usambazaji wa filamu nao ukawa chini ya shirika la umma, Tanzania Film Company, lililoanzishwa 1968. Zanzibar serikali ilikuwa imekwisha kuyachukua majumba baada ya mapinduzi ya 1964. Kawawa alikuwa Makamu wa Pili wa Rais wakati wa sheria ya 1971, na kuanzia 1972 hadi 1977 alikuwa pia waziri mkuu. Mwigizaji wa kwanza kutambulika nchini sasa alikuwa juu kabisa katika serikali iliyomiliki kumbi na mikanda.

Mtu angetegemea filamu za Kiswahili zifurike. Hazikufurika. Tanzania Film Company ilitoa chache, na mojawapo ya miaka ya 1970 iliitwa Fimbo ya Mnyonge. Ni hadithi ya kijana wa shamba anayekwenda mjini, mji unamshinda, anarudi kijijini na kuikuta heshima yake katika ujamaa. Msomaji atakuwa ameshaitambua. Ni Muhogomchungu, umebadilishwa mwisho. Mkoloni na serikali ya uhuru walikuwa na sababu tofauti kabisa, lakini wote wawili, walipopata kamera, walimwambia kijana arudi shamba. Na waziri mkuu aliyesukuma operesheni ya vijiji vya ujamaa kwa nguvu miaka hiyo alikuwa yule yule aliyewahi kuigiza kama mshamba aliyepotea mjini. Hatujui mwandishi wa riwaya ambaye angethubutu kupanga hivyo.

Kuna jambo lingine lililoyapa majumba ya bara uhai wa ziada. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi 1973. Bara ilikataa, kwa hoja kwamba televisheni ni anasa ya wachache, ikakaa bila kituo chochote hadi 1994. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam aliyetaka picha hakuwa na pengine pa kwenda. Kuanzia 1975 umeme wa bwawa la Kidatu, hapa jirani, ulisafirishwa kwenda huko. Projekta za mjini zikazungushwa na maji ya Ruaha Mkuu, huku vijiji vilivyo karibu na bwawa vikiwasha koroboi.

Kilichoyaua ni mchanganyiko. Fedha za kigeni zilikauka mwishoni mwa miaka ya 1970, filamu mpya zikawa adimu, mikanda mikuukuu ikakatikakatika na kuungwa. Miaka ya 1980 ikaingia video. Mtu mmoja mwenye deki na televisheni aliweza kuonyesha sebuleni picha ambayo jumba lingeisubiri miaka. Vituo vya televisheni vilipofunguliwa 1994, kilichobaki kilikuwa kufunga milango. Kumbi nyingine zikawa makanisa, nyingine maghala, nyingine maduka. Pale Drive-In ilipokuwa, Msasani, leo upo ubalozi wa Marekani. Majestic imebaki kuta, paa limeanguka.

Gari la sinema halikuacha hata kuta. Liliharibika, au halikupewa mafuta, na uwanja ukabaki uwanja. Ndiyo maana hakuna anayepiga picha mahali lilipoegeshwa.

Miaka ya mwisho

Kawawa aliacha uwaziri mkuu Februari 1977, akafuatwa na Edward Sokoine. Alikuwa waziri wa ulinzi wakati wa vita vya Kagera, na miaka ya 1980 alikuwa katibu mkuu wa CCM. Mkewe Sofia, aliyeongoza umoja wa wanawake wa Tanzania, alifariki 1994. Yeye alistaafu akaishi kwa utulivu, akionekana kwenye sherehe za taifa. Aliwahi kuona kwa macho yake wimbi la filamu za Bongo zikiuzwa kwenye kanda na baadaye kwenye sidii barabarani, nyingi zikiwa na yule kijana wa shamba anayefika mjini.

Alifariki Muhimbili tarehe 31 Desemba 2009, akiwa na miaka 83, akazikwa Madale, nje kidogo ya Dar es Salaam. Katika salamu nyingi zilizotolewa wiki ile zilitajwa vyeo vyake vyote. Filamu ilitajwa na wachache.

Tunaandaa kipindi kuhusu sinema za kuzunguka katika bonde hili, kuanzia Kidatu hadi Mlimba na ng'ambo ya mto. Kama wewe, au babu au bibi yako, aliwahi kuketi chini mbele ya lile shuka, au nyuma yake, fika studio. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa mtu anayekumbuka picha ya Kiswahili ya zamani, iliyokuwa na kijana mwembamba aliyetoka shamba.